Saa Moja ya Mama Eli

Estrea hakunisalimu. Simu ililia nikiwa jikoni nachambua maharage, nikaona namba ya Ubelgiji, nikajua ni yeye maana huko sina mtu mwingine, na kabla sijasema hata alo akaniambia: "Salima, mama amekufwa. Leo asubui. Minakuambia leo." Kwetu hapa Lubumbashi ukimpa mtu habari ya kifo namna hiyo, watu watasema hukulelewa. Sisi kifo tunakitoa polepole. Mtu huambiwa kwanza kwamba ndugu yake anaumwa, kesho yake kwamba hali si nzuri, kisha wazee wanakuja kukaa sebuleni bila kusema kitu, na mwenye msiba anaanza kulia kabla hajaambiwa. Nimeiona desturi hiyo maisha yangu yote na nimeitumikia mara nyingi. Lakini Estrea sikumkasirikia. Niliketi palepale chini, maharage yakamwagika, nikamshukuru. Ili nieleze kwa nini, lazima nirudi mwaka wa 1973, mwaka kaka yake Eli alipouawa vitani, na sisi wote, watu wazima wenye akili na huruma zetu, tukamfanyia mama yake jambo ambalo hadi leo sijajisamehe.

Baba yao, Musieur Nissim, alikuwa na duka la vitambaa mjini, na chumba cha nyuma cha duka lile kilikuwa cha baba yangu, Fundi Ramazani. Wao walikuwa Wayahudi, sisi Waislamu wenye asili ya Maniema, na kati yetu kulikuwa na mlango usiofungwa mchana kutwa. Mteja alinunua kitambaa mbele, akaja nyuma kupimwa. Chumba chetu kiligawanywa na pazia la kitenge lililofifia kwa kufuliwa: upande huu meza ya kukatia, cherehani mbili na pasi ya makaa, upande ule mitumba ya vitambaa, mkeka wa baba wa kusalia, na mahali pa wateja kujaribia nguo. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimetoka shule, nashona matundu ya vifungo kutwa nzima na kusikiliza mazungumzo ya watu wazima. Ukishona matundu ya vifungo watu wanasahau kwamba una masikio. Karibu yote ninayoyajua kuhusu familia ile niliyapata nimeinamisha kichwa.

Eli alikuwa mtoto wao wa kwanza, na kama ungemsikia bila kumwona ungedhani ni kijana wa mtaani kwetu. Alipiga mluzi tangu mlangoni hadi alipofika kwenye meza ya baba, akaruka na kuketi juu yake, jambo ambalo mtu mwingine yeyote angelilipia kwa rula ya mgongoni. Chakula chetu alikijua kuliko cha kwao. Mama yangu alijua kwamba dini yao haiwaruhusu samaki asiye na magamba, basi siku ya kambale alimkaangia Eli perege peke yake na kuwatangazia majirani, kwa kiburi kikubwa, kwamba huyu bwana mdogo na sheria zake anazijua yeye. Eli alikula bukari, ugali wetu, kwa mkono, akanyoosha sahani aongezewe sombe ya majani ya muhogo, akamwita mama yangu "mama" bila kufikiri. Alijaribu kujifunza kushona akashindwa kabisa. Mshono wake ulikwenda kama njia ya mlevi, na baba aliuhifadhi mmoja ukutani ili kuwatisha wanafunzi. Kama nilimpenda? Watu wananiuliza, na nina umri wa kutosha kusema kweli: nilikuwa na miaka kumi na saba, na yeye alikuwa akipiga mluzi. Aliondoka kwenda Israeli kusomea ufundi wa mashine za kilimo, na huko, kama ilivyo kwa vijana wote, akaingizwa jeshini.

Mwaka ule alirudi likizo wakati wa baridi, mwezi wa Julai, amekonda, shingo imeungua na jua. Mama yake, Madame Sarina, ambaye mtaa mzima tulimwita Mama Eli, alimlisha kana kwamba anajaza gunia. Alimwambia kila mtu kwamba mwanawe ni fundi wa magari huko jeshini, yuko gereji, mbali na risasi. Siku mbili kabla ya kuondoka Eli alikuja kupimwa suruali, na nikiwa nimeinama nilisikia akimwambia baba kwa sauti ya chini: "Fundi, mama anazania niko mécanicien. Miye niko mu char. Tuko bantu bane mu char moya, joto sawa mu fuu ya mukate." Baba akaacha kupima, maana char ni kifaru. "Char ya vita?" "Ndiyo. Mama iko na tension, usimuambie." Baba akasema presha ya Madame anaijua, hatamwambia. Kwa hiyo Eli mwenyewe ndiye aliyeanza. Nalisema hili si kwa kumlaumu marehemu, ila kwa sababu nimegundua kwamba kila aliyempenda mwanamke yule alimficha kitu, na kila mmoja alitoka pale akijiona mwema.

Mwezi wa Oktoba redio ikatangaza kwamba Zaire imevunja uhusiano na Israeli, na siku chache baadaye ikatangaza vita huko. Mama Eli alikaa na redio mapajani. Barua zilikatika. Watu wengine waliacha kununua dukani kwa kuogopa kuonekana, na Musieur Nissim hakuwalaumu. Vita ilipokuwa inaelekea kwisha, alipigiwa simu na binamu yake wa Ubelgiji. Alikuja kwenye chumba chetu moja kwa moja kutoka posta, akasimama na kofia mkononi, akasema, "Fundi, Eli alikufwa." Baba alikuwa na chaki mkononi. Aliiweka mezani polepole, akauliza ilikuwa lini. "Mwanzo ya vita. Char yabo iliungua." Kisha akaketi kwenye kiti cha wateja, na kwa mara ya kwanza nikaona mzungu akilia bila kufunika uso. Baada ya muda baba akauliza kama Madame anajua. "Hapana. Docteur alisema tension yake haiwezi. Nitamuambia namna gani, Fundi? Nikiambia Rabi ao muntu mumoya tu wa kwetu, jioni babibi bote bako ku mulango yangu." Na hapo baba yangu, mtu mpole kuliko wote niliowajua, akampa zawadi iliyokuwa bora katika mila zetu. "Usimuambie mara moya, patron. Shiye lufu tunaileta polepole. Sema kwanza aliumia. Roho yake itaanza kujua yenyewe. Nyuma utamalizia." Musieur Nissim akamshika baba mkono kwa mikono yake miwili.

Lakini yeye mwenyewe alikuwa na siku zake za kukaa, maana kwao mzazi aliyefiwa hupasua nguo yake na kukaa chini siku saba. Nyumbani asingeweza. Basi baba akamtandikia mkeka nyuma ya pazia, na pale, katikati ya mitumba ya vitambaa vyake mwenyewe, Musieur Nissim akakaa matanga ya mwanawe kwa siri. Asubuhi ya kwanza alifungua koti, akashika shati upande wa kulia wa kifua, akasema, "Kata apa, Fundi. Kiloko tu. Ingine nitapasua miye." Baba yangu alikuwa mtu asiyekata kitambaa kabla hajakipima mara mbili. Safari hii hakupima. Alikata kidogo, Musieur Nissim akamalizia kwa mkono. Sauti ya popelini ikipasuka ilikuwa ya kila siku kwetu, lakini ile ilinifanya nitoke nje. Jioni alifunga koti juu ya shati lile akaenda nyumbani kula na mke wake. Ndevu alisema anaziacha kwa sababu ya vipele. Mchana nilimpelekea mayai ya kuchemsha na mkate, kwa kuwa aliomba mayai, na wakati wa sala ya adhuhuri alisogea ukutani, baba akasali kwenye kona iliyobaki, kisha kila mmoja akarudi mahali pake bila neno.

Siku ya tatu au ya nne Mama Eli akaingia dukani. Sauti yake tuliisikia kabla hatujamwona, maana alikuwa anacheka. "Fundi! Uko? Vita imeisha. Radio ilisema." Alikuwa amevaa gauni la kutokea, midomo ameipaka rangi. Mumewe, ambaye yeye aliamini yuko posta, alikuwa nyuma ya pazia. "Umushonee Eli abakosti. Ya kijivu. Atarudia, avae sawa bantu bote." Abakosti ilikuwa koti la enzi ile, lisilovaliwa na tai, vazi la kila mwanaume aliyetaka kuishi bila maswali, na mimi nilielewa alichokuwa anafikiri: mwanawe akirudi kutoka nchi ile iliyochukiwa ghafla, angalau afanane na wenzake. Baba akasema vipimo anavyo, vya Julai. "Lakini atakuwa alikonda," Mama Eli akasema. "Punguza mu kiuno." "Na mikono, Madame?" "Mikono wacha. Mikono haikondake." Akapapasa kitambaa kimoja baada ya kingine kwa vidole, bila haraka, kama anayechagua nyanya. Hapo nikaona chini ya pazia soksi za Musieur Nissim, maana viatu alikuwa amevua. Nikasukuma kikapu cha vipande kwa mguu mpaka kikazificha. Aliponigeukia akauliza, "Salima, mutoto yangu, juu ya nini unalia?" Nikasema moshi wa pasi. Akaniambia tufungue dirisha, makaa yanaua watu. Alipoondoka, baba alibaki ameshika kitambaa cha kijivu, na nyuma ya pazia yai lilikuwa halijaguswa.

Mara nyingi nimejiuliza kwa nini njia yetu, iliyowasaidia mama zetu wote, haikumsaidia yeye. Sasa nadhani najua. Kwetu maneno si kitu. Unaambiwa "anaumwa", lakini ukichungulia uani unaona shangazi amekuja na mkeka, jirani anapepeta mahindi ambayo hukumwomba, mtu amekwenda kutafuta kuni. Watu ndio wanaokuambia. Kwa Mama Eli hakuja mtu, kwa kuwa hakuna aliyeambiwa. Aliambiwa Eli ameumia mguu, akafurahi. "Muguu tu!" alituletea habari mwenyewe, na sahani ya biskuti zao zenye ufuta, na baba akala moja kwa sababu asingeweza kukataa. Wiki iliyofuata akaambiwa tumbo. Hakufurahi, lakini roho yake haikujua yenyewe kama baba alivyoahidi. Akaanza kufunga sanduku. Ndege ya moja kwa moja haikuwepo, uhusiano haukuwepo, basi akapanga kuvuka mpaka wa Kasumbalesa kwa gari na kutafuta ndege upande wa pili, bila viza, na presha yake, peke yake kama ikibidi. Mwanangu amelazwa, alisema, nani atampikia? Baba alikuwa anaishona ile abakosti na kuifumua. Kola hii haijakaa, bega hili limepanda. Sijawahi kumwona akifumua namna ile. Mwishowe Mama Eli akatuma neno kwamba anasafiri kesho na anaitaka ilivyo. Tulimpa nusu ya desturi yetu, na bila kujua tukamnyang'anya yake yote.

Nilitumwa mimi kuipeleka, imepigwa pasi, nimeilaza kwenye mikono kama mtoto mchanga. Sebule yao ilikuwa na sakafu nyekundu iliyopakwa nta, saa kubwa ya ukutani, na siku ile katikati ya sakafu lilikuwepo sanduku lililo wazi. Musieur Nissim alikuwa ameshindwa na sanduku lile. Alikuwa amekwenda kumwita Rabi wao, mzee mwenye macho mabovu, na walikuwa wamesimama wote wawili hawajui mikono yao waiweke wapi. Estrea, aliyekuwa na miaka minane, alikuwa amejibanza kwenye mlango wa jikoni. Rabi alilisema kwa Kifaransa, kwa maneno machache. Mama Eli hakupiga kelele, hakuanguka. Presha ambayo tulikuwa tumeilinda muda wote ule ilitulia tuli. Alianza kuvua viatu. "Basi nitaikala siku zangu saba," akasema. Rabi akauliza siku yenyewe aliyokufa, Musieur Nissim akamwambia, mzee akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu. Kisha akaeleza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetamani sheria iwe ya mtu mwingine, kwamba habari ikimfikia mzazi kabla ya siku thelathini, anakaa siku saba. Ikimfikia baadaye, kama sasa, ni habari ya mbali. Nguo haipasuliwi. Anakaa saa moja. Musieur Nissim hakuwa ameijua sheria hiyo. Alikuwa mtu wa vitambaa, si wa vitabu. Niliuona uso wake, nasema kweli hakujua. "Saa moya?" Mama Eli akasema. "Miaka makumi mbili na moya, saa moya?"

Alichukua abakosti mikononi mwangu, akaketi sakafuni akaiweka mapajani, akatazama saa ya ukutani, akaanza kusimulia. Alisimulia haraka haraka, kama mtu anayepakia vyombo na lori linapiga honi. Eli alizaliwa mvua ikinyesha na daktari amechelewa. Eli alilala ndani ya jora la kitambaa chini ya kaunta, duka zima likamtafuta. Neno lake la kwanza lilikuwa maji. Surua ilimpata wakati wa joto, mama akakaa usiku akimpepea kwa kifuniko cha sufuria. Alipotea sokoni, akakutwa kwa wauzaji anakula viwavi, na mama kwa sababu ya sheria ya chakula chao akamwosha mdomo kwa sabuni, "na alikuwa anacheka, Rabi, na povu mu meno." Hakuna aliyethubutu kukaa wala kutoka. Mimi nilisimama na mikono iliyokuwa bado imekunjika kubeba nguo isiyokuwepo. Alikuwa amefika siku Eli alipovunja sindano ya cherehani ya baba yangu na kuificha ndani ya mkate, na mimi siku ile naikumbuka, nilikuwepo, nilikuwa mdogo, wakati Rabi alipokohoa akasema, "Sarina. Saa imetimia." Mama Eli akamtazama kana kwamba amemwamsha. "Bado, Rabi," akasema. "Eli bado iko na miaka kenda."

Mzee alikuwa analia. Lakini sheria ilikuwa sheria, na Mama Eli alikuwa mwanamke wa sheria. Aliinuka mwenyewe, akakataa mkono wa mumewe, akavaa viatu. Mimi nilikimbia nyumbani nikamwambia mama, na kabla jua halijashuka wanawake wa mtaani walikuwa wamefika na mikeka kichwani, na mama yangu mbele yao na sufuria. Walikuwa wamekuja kulia kilio kama inavyopaswa, kulala pale, kupika, kumshika. Mama Eli akafungua mlango akasimama kizingitini. "Aksanti, bamama," akasema. "Murudie. Kilio yangu imeisha." Walirudi na mikeka yao, wengine wamenuna, wakisema njiani wazungu hawana moyo. Sikuweza kuwaeleza, na mama yangu alilia njia nzima akidhani amekosea jambo.

Mwisho wa mwaka ule serikali ilitangaza kwamba maduka ya wageni yatapewa raia, na duka likapata mwenyewe mwingine, ambaye hakujua tofauti ya popelini na kaliko. Walipokuwa wanaondoka tulikwenda kuwaaga uwanja wa ndege wa Luano. Musieur Nissim alimkumbatia baba. Mama Eli hakumpa mkono. "Fundi," alisema, "uliniibia siku zangu." Baba akajibu, "Madame, tulikuhurumia." "Najua," akasema, akatembea kuelekea kwenye ndege. Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakuna mtu aliyeweza tena kumtuma kupeleka habari ya kifo. Mama yangu alipofariki hospitali, baba alinisubiri barabarani, akaniambia neno moja tu, hapohapo juani, akanishika nisianguke. Jirani walimwona katili. Laiti angeujua ukatili ule mapema.

Haya yote yalipita kichwani mwangu wakati Estrea bado yuko kwenye simu. Kiswahili chake kimeganda palepale kilipokuwa siku ya Luano, Kiswahili cha mtoto wa mjini wa enzi zile, wajukuu zangu wangekicheka. Akaniambia kwamba mama yake hakumtaja Eli tena, hata siku moja. Ile abakosti imening'inia kabatini miaka yote, na yeye Estrea anachokumbuka cha kaka yake ni mluzi tu. "Lakini juu yako aliacha neno," akasema. "Alisema: siku nitakufwa, umuite Salima siku ileile, apate siku zake zote. Na ukitaka kujua Eli, umuulize yeye. Yeye iko anajua kwenye tulibakia." Nikainuka, nikaacha maharage palepale chini.

Mimi si ndugu yao, dini yao hainidai kitu, na ya kwetu matanga ni siku tatu. Shehe akisikia atanuna na ni shauri yake. Nimetandika mkeka chumba cha mbele, nimevua viatu, nimekaa. Jioni wanawake wa mtaani wakaona mlango wangu wazi na mimi chini, wakaingia mmoja mmoja, wengi wao vijana, ambao bibi zao ndio waliorudishwa siku ile. "Mama Salima, nani alikufwa?" Nikawaambia mara moja: Mama Eli, leo asubuhi. Wakatazamana. Mmoja akauliza, "Eli njo nani?" Nikasogea kidogo ukutani ili mkeka uwatoshe.

"Ikaleni," nikasema. "Tuko na siku saba. Eli iko na miaka kenda, na amevunja sindano ya baba yangu."